Kubadilisha lugha ya menyu kwenye Krita, GIMP na programu nyingine za kuchorea

Laptopu ya mtumba huingia Kampala na lugha ya mwenyewe wa kwanza. Iliyotumika Ujerumani ina Windows ya Kijerumani, iliyotumika Dubai huenda ina ya Kiarabu, na muuzaji mara nyingi hufuta mafaili tu na kubadilisha picha ya skrini. Ukisakinisha programu ya kuchorea juu ya mfumo kama huo, nayo huamka na lugha hiyo hiyo. Wapo pia wachoraji wa Kikongo walioko Kampala au Arua, wenye Kiswahili cha nyumbani na Kifaransa cha shule, ambao hutaka menyu za Kifaransa na kukuta za Kiingereza. Na wapo waliozoea lugha yao lakini wanafuata masomo ya video yanayotaja kila kitufe kwa Kiingereza, wakawa wanakisia.

Kazi yenyewe ni ya dakika chache. Kinachokula muda ni kubadilisha mahali pasipohusika. Programu ya kuchorea hupata lugha yake sehemu tatu: kwenye mpangilio wake yenyewe, kwenye mfumo endeshi (Windows, Android na kadhalika), au kwenye mafaili ya lugha yaliyowekwa siku ya kusakinisha. Mpangilio wa programu hutangulia. Usipokuwepo, hufuatwa mfumo. Na hata mpangilio na mfumo vikikubaliana, bila mafaili ya lugha hiyo utarudishwa kwenye Kiingereza. Kwa hiyo ukibadilisha kitu na menyu zisitikisike, usirudie kitu kile kile mara tano. Nenda kwenye chanzo kingine kati ya hivyo vitatu.

Kuhusu Kiswahili chenyewe, tuseme ukweli mapema. Baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha Julai 2022 kwamba Kiswahili kiwe somo la lazima shule za msingi na sekondari, lakini Photoshop na Clip Studio Paint hazina menyu za Kiswahili. Krita na GIMP hutafsiriwa na watu wanaojitolea, na lugha inayoongezwa huonekana kwenye orodha zile zile zinazoelezwa hapa chini, kwa hiyo zitazame kila unapopandisha toleo. Kwa anayejifunza, ushauri wetu ni kuchagua lugha ya masomo anayoyafuata. Ukifuata video ya Kiingereza huku menyu zako ni za Kifaransa, utakuwa unatafsiri kila hatua badala ya kuchora.

Krita

Tunaanza na Krita kwa sababu ni ya bure, hufanya kazi bila intaneti ukishaisakinisha, na kisakinishi chake cha Windows hubeba lugha zote ndani yake. Huhitaji kupakua chochote zaidi.

1. Hifadhi kazi yako. Lugha haibadiliki mpaka programu ifungwe, na watu hupoteza mchoro kwa haraka ya kuifunga.
2. Fungua menyu ya Settings, kisha Switch Application Language.
3. Litatokea dirisha dogo. Kwenye Primary language bofya jina la lugha iliyopo sasa, orodha ishuke, uchague unayotaka. Kiingereza kipo kwa majina American English na British English.
4. Ukitaka, bonyeza kitufe cha kuongeza lugha ya akiba, Add Fallback Language, uchague ya pili.
5. Bonyeza OK. Utaambiwa kwamba mabadiliko yataonekana programu ikifunguliwa tena. Ifunge kabisa, uifungue upya.

Lugha ya akiba hupuuzwa na wengi, na ina maana. Tafsiri za Krita hazilingani kwa ukamilifu, na toleo jipya huja na vipengele ambavyo watafsiri wa lugha fulani hawajavifikia. Maneno yasiyotafsiriwa huchukuliwa kutoka lugha ya akiba. Isipokuwepo, huonekana kwa Kiingereza. Ndiyo sababu mtu huona menyu nusu Kifaransa nusu Kiingereza akadhani programu imeharibika. Haijaharibika. Mkongo anayetaka Kifaransa aweke Kifaransa cha kwanza na Kiingereza cha akiba, basi.

Programu ikifunguka tena na lugha ya zamani, mara nyingi haikufungika. Dirisha limetoweka lakini Krita bado inaendelea chinichini. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, tafuta krita kwenye orodha ya programu zinazoendelea, uisimamishe, kisha ufungue upya. Hakikisha kwanza huna mchoro ambao bado unahifadhiwa, kwa sababu faili kubwa la .kra kwenye diski ya zamani huchukua muda kuandikwa.

Kama huwezi kusoma menyu

Hapa ndipo wengi hukwama: ili ubadilishe lugha unatakiwa kusoma lugha usiyoijua. Acha kusoma, hesabu.

Menyu za juu za Krita hufuatana hivi katika kila lugha: File, Edit, View, Image, Layer, Select, Filter, Tools, Settings, Window, Help. Settings ni ya tatu kutoka mwisho. Kwa Kijerumani mstari huo husomeka Datei, Bearbeiten, Ansicht, Bild, Ebene, Auswahl, Filter, Werkzeuge, Einstellungen, Fenster, Hilfe, na ukihesabu tatu kutoka kulia unaangukia Einstellungen. Kwa Kiarabu dirisha zima hugeuka: File iko kulia kabisa, Help iko kushoto, kwa hiyo hesabu tatu kutoka kushoto.

Ndani ya Settings tafuta kipengele kilicho kuelekea chini, chenye nukta tatu mwishoni na kisicho na mshale pembeni. Vyenye mshale hufungua menyu nyingine ndogo, hivyo achana navyo. Neno la kutafuta kwa macho ni Sprache kwa Kijerumani, langue kwa Kifaransa, taal kwa Kiholanzi, 言語 kwa Kijapani, 语言 kwa Kichina. Likifunguka dirisha kubwa lenye safu ya alama upande mmoja, umefungua Configure Krita, nalo silo. Bonyeza Esc urudi. Dirisha la lugha ni dogo kabisa, lina orodha na vitufe vichache. Ukishafika hapo umenusurika, maana kila lugha kwenye orodha imeandikwa kwa jina lake yenyewe: English ni English hata Krita ikiwa ya Kikorea.

Simu yenye Google Lens pia husaidia. Ielekeze kwenye skrini, itatafsiri maneno juu ya picha. Hula bando kidogo, na tafsiri yake ya menyu si nzuri sana, lakini neno lugha hulipata.

Kuifuta lugha kwa faili

Njia hii haihitaji kusoma menyu hata moja, na ndiyo tunayoipendelea kwa mashine za mtumba. Krita haiweki lugha pamoja na mipangilio yake mingine. Huiweka kwenye faili dogo la peke yake liitwalo klanguageoverridesrc.

Funga Krita. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika %LOCALAPPDATA%, bonyeza Enter. Kwenye folda itakayofunguka tafuta klanguageoverridesrc. Usilifute mara moja. Lipe jina jingine, kwa mfano ongeza neno zamani mwishoni, ili uweze kulirudisha. Fungua Krita. Sasa haina amri yake yenyewe, kwa hiyo itafuata lugha ya Windows.

Kwenye Linux faili hilo limo ndani ya folda ya .config katika nyumba ya mtumiaji. Kama Krita yako ilitoka kwenye Microsoft Store, hutaliona pale mwanzo wa folda ya Local: programu za Store hufungiwa kwenye folda ya Packages, na itabidi ulitafute ndani ya ile yenye jina la Krita. Faili hilo pia hutumiwa na programu nyingine za KDE, jamii ya programu huria ambayo Krita imo, kama Kdenlive ya kuhariri video, hivyo ukiliondoa nazo zitarudi kwenye lugha ya mfumo.

Usichanganye jambo hili na kusafisha Krita kwa kushikilia Ctrl, Alt na Shift wakati inafunguka. Hiyo hufuta kritarc, yaani mpangilio wa madirisha, vitufe vya juu na mambo mengine uliyoyapanga, lakini lugha haimo humo. Utapoteza mpangilio wako wote na Kijerumani kitabaki pale pale. Mafundi wengi wa mtaani hukimbilia njia hiyo kwanza.

Windows yenyewe ikiwa ndiyo yenye lugha

Kama umeondoa faili na Krita bado inasema Kijerumani, basi Windows ndiyo inayosema Kijerumani. Bonyeza Windows na R, andika ms-settings:regionlanguage, Enter. Amri hiyo hufungua ukurasa wa lugha moja kwa moja, Windows iwe ya lugha yoyote.

Shida ndogo: kibodi ya Kijerumani haina alama ya nukta mbili wala kistari mahali unapopazoea, na ya Kiarabu itakuandikia herufi za Kiarabu. Bonyeza Windows na nafasi kwanza, uone kama kuna mpangilio wa Kiingereza uliokwisha wekwa. Kama haupo na kibodi ni ya Kijerumani au Kifaransa, andika osk kwenye kile kisanduku cha Windows na R; kibodi itatokea kwenye skrini nawe utabofya herufi kwa panya. Herufi o, s na k ziko mahali pamoja kwenye kibodi za Kiingereza, Kijerumani na Kifaransa.

Kwenye ukurasa huo ongeza Kiingereza, subiri kipakuliwe, kichague kiwe lugha ya kuonyesha, kipandishe juu ya orodha, kisha toka kwenye akaunti na uingie tena. Kupakua lugha ya Windows ni mzigo wa intaneti, kwa hiyo usianze kwenye bando la siku linalokaribia kuisha wala siku umeme unapokatika-katika. Kikikatikia njiani, lugha huorodheshwa lakini menyu hubaki zilivyokuwa, nawe hufikiri umemaliza.

Kuna Windows zilizoandikwa Single Language. Hizo hukataa kubadilisha lugha ya kuonyesha, na hujitangaza kwenye ukurasa huo huo. Usipigane nazo. Weka lugha ndani ya Krita au GIMP kama ilivyoelezwa, uiache Windows ilivyo. Ni vizuri kuuliza jambo hili kabla ya kumlipa muuzaji, maana kusakinisha Windows upya ni gharama nyingine.

Linux

Kwenye Ubuntu na Debian, Krita ya hazina ya mfumo imegawanywa: programu ni kifurushi kimoja, lugha ni kingine. Ukikosa lugha kwenye orodha, andika kwenye dirisha la amri (terminal)

sudo apt install krita-l10n

Kwa Flatpak, njia nyingine ya kusakinisha programu kwenye Linux, tatizo ni tofauti. Flatpak hupakua tafsiri za lugha za mfumo wako tu ili kuokoa nafasi, kwa hiyo mwenye Ubuntu ya Kiingereza anayetaka Krita ya Kifaransa hataipata hata akitafuta vipi. Mwambie Flatpak unataka zipi, kisha usasishe:

flatpak config --set languages "en;fr"
flatpak update

Baadhi ya lugha zikionekana kama visanduku vitupu, si tafsiri iliyokosekana bali ni fonti. Kwa Kichina, Kijapani na Kikorea sakinisha fonts-noto-cjk.

GIMP

GIMP ni rahisi zaidi ukishajua iko wapi. Fungua Edit, ya pili kutoka mwanzo wa menyu, kisha Preferences kuelekea chini. Upande wa kushoto wa dirisha kuna orodha ya sehemu, bofya Interface. Language ipo hapo. Ya kwanza kwenye orodha ni lugha ya mfumo, na nyingine zina msimbo kwenye mabano ya mraba, mfano [en_US] au [fr]. Misimbo hiyo ndiyo mkombozi wa asiyesoma maandishi ya lugha husika. Chagua, bonyeza OK, funga GIMP, fungua.

Orodha ikiwa haina lugha nyingine kabisa, tatizo ni siku ya kusakinisha. Kisakinishi cha GIMP cha Windows kina kitufe cha Customize, na ndani yake kisanduku cha Translations. Aliyekiondoa alama ili kuokoa nafasi ya diski aliacha tafsiri nje. Endesha kisakinishi tena, weka alama, maliza. Brashi na mipangilio yako haitapotea, kwa sababu hukaa kwenye folda ya mtumiaji, mbali na programu.

Kwa njia ya faili: funga GIMP, nenda %APPDATA%, ingia GIMP, kisha folda yenye namba ya toleo, 2.10 au 3.0, ufungue gimprc kwa Notepad. Tafuta mstari unaoanza na (language na uweke

(language "en_US")

Alama za kunukuu ziwe zilizonyooka. Ukinakili mstari kutoka WhatsApp au Word, mara nyingine huja na alama zilizopinda na GIMP haiusomi. Na GIMP ikiwa wazi wakati unaandika, itakapofungwa inaweza kuandika faili lake juu ya lako.

Kwenye Linux unaweza kuijaribu lugha mara moja bila kubadilisha chochote, mradi ndani ya GIMP imeachwa lugha ya mfumo:

LANGUAGE=fr gimp

Photoshop na Clip Studio Paint

Photoshop inataka hatua mbili, na watu hufanya moja. Kwanza, kwenye programu ya Creative Cloud fungua Preferences, sehemu ya Apps, ubadilishe lugha ya kusakinishia. Hapo Photoshop itajitokeza tena na kitufe cha Install ingawa tayari unayo. Isakinishe, ndipo mafaili ya lugha mpya yanapoingia. Pili, ndani ya Photoshop nenda Edit, Preferences, Interface, ubadilishe UI Language, ufunge na kufungua. Ukiruka ya kwanza, orodha ya UI Language itakuwa na lugha moja tu.

Anayetaka Kiingereza pekee ana njia fupi, kwa sababu Kiingereza kimejengwa ndani ya Photoshop na lugha nyingine hupachikwa juu yake. Kwenye folda ya Photoshop ndani ya Program Files\Adobe, ingia Locales, kisha folda ya lugha iliyopo, mfano fr_FR, kisha Support Files. Kuna faili ambalo jina lake huanza na tw10428_Photoshop na kuishia na .dat. Badilisha .dat iwe .bak. Photoshop isipolikuta hurudi Kiingereza. Windows itakuomba ruhusa ya msimamizi, na ukisasisha Photoshop faili huweza kurudi, urudie tena. Nakala zinazozunguka kwa flashi mitaani mara nyingi zimepunguzwa na zina lugha moja tu. Kwenye hizo hakuna cha kubadilisha, na tusingeshauri mtu ategemee nakala hiyo kwa kazi ya mteja wa Nasser Road, mtaa wa wachapishaji wa Kampala, anayesubiri bango lake jioni.

Clip Studio Paint ni programu mbili: ya kuchorea, na dirisha la CLIP STUDIO lenye habari, rasilimali na akaunti. Kwenye kompyuta, lugha hubadilishiwa kwenye dirisha hilo la pili. Funga kwanza ile ya kuchorea. Kwenye dirisha la CLIP STUDIO bofya alama ya gurudumu la meno juu kulia, chagua mpangilio wa eneo na lugha, ukubali, kisha fungua upya. Watu huzunguka menyu za programu ya kuchorea nusu saa nzima wakitafuta kitu ambacho hakimo.

Simu na tableti

Wengi huchora kwa simu, kwa ibisPaint na nyinginezo, na huko chanzo cha lugha huwa ni simu yenyewe. Jambo la kulielewa ni mpangilio wa lugha kwenye simu. Tangu Android 7, simu huweka lugha kadhaa kwa mfuatano, na programu isiyo na lugha ya kwanza huenda kwenye ya pili. Simu yenye Kiswahili juu na Kifaransa chini yake itafungua programu ya kuchorea kwa Kifaransa, si Kiingereza, ingawa mwenye simu hajawahi kuchagua Kifaransa mahali popote ndani ya programu. Dawa ni kuongeza Kiingereza na kukivuta kiwe cha pili. Simu itabaki na Kiswahili, programu itakuwa ya Kiingereza.

Android 13 na kuendelea ina njia safi zaidi: Settings, System, Languages, kisha App languages, ambapo kila programu hupewa lugha yake. Kwenye Samsung iko chini ya General management. Programu isipoonekana kwenye orodha, watengenezaji wake hawakuiruhusu, urudi kwenye mfuatano wa lugha. iPhone na iPad huweka jambo hili ndani ya Settings, kwenye jina la programu, lakini kipengele cha lugha hujitokeza tu kama kifaa kina lugha zaidi ya moja. Ziongeze kwanza kwenye General, Language & Region. Kwenye Mac, tangu toleo la Catalina, ukurasa huo wa Language & Region una sehemu ya programu moja moja: bonyeza alama ya kujumlisha, chagua programu na lugha yake.

Kibodi haibadiliki pamoja na menyu

Menyu zimekuwa za Kiingereza, lakini ukibonyeza Ctrl na Z hakuna kinachorudi nyuma. Lugha ya menyu na mpangilio wa kibodi ni vitu viwili. Mpangilio wa Kijerumani hubadilishana Z na Y, kwa hiyo kama herufi zilizochapwa kwenye vitufe ni za Kiingereza na Windows inafikiri ni kibodi ya Kijerumani, Z yako ni Y.

Maumivu makubwa zaidi kwa mchoraji ni mabano ya mraba. Krita na Photoshop hutumia [ kupunguza brashi na ] kuikuza. Kibodi ya Kijerumani haina vitufe hivyo peke yake. Hupatikana kwa AltGr na 8 au 9, na njia ya mkato haishiki. Ama badilisha mpangilio kwa Windows na nafasi, ama nenda Settings, Configure Krita, Keyboard Shortcuts, uzipe kazi hizo vitufe vingine. Kwa laptopu ambayo vitufe vyake vimechapwa Kijerumani, weka mpangilio wa Kiingereza na ubandike stika za herufi. Ni rahisi kuliko kubadilisha kibodi nzima.

Vitakavyobaki kama vilivyokuwa

Majina ya brashi za Krita, kama b) Basic-5 Size, ni majina ya rasilimali na hubaki Kiingereza menyu zikiwa za lugha yoyote. Ni afadhali, kwa kuwa kila somo huyataja hivyo. Leya za mchoro wa zamani hubaki na majina zilizozaliwa nayo: iliyoitwa Ebene 1 haitageuka Layer 1. Kwa mchoro ni sawa, lakini kwenye Photoshop huleta kero. Action, yaani mfululizo wa hatua uliorekodiwa ili ujirudie wenyewe, ikichagua leya kwa jina Background itasimama na kulalamika kwenye faili ambalo leya hiyo inaitwa Arrière-plan. Badilisha jina la leya kabla ya kuiendesha, au urekodi upya. Zana ulizopakua kwenye Clip Studio nazo hubaki na jina alilozipa aliyezitengeneza. Dirisha la kalamu ya Wacom, Huion au XP-Pen ni programu tofauti yenye lugha yake, na halitasikia lolote unalofanya ndani ya Krita.

Kwenye maabara ya shule au kafe ya intaneti, kumbuka kwamba mpangilio wa lugha ni wa akaunti moja ya Windows. Mwanafunzi akiingia kwa akaunti nyingine atakuta lugha ya zamani, na kila akaunti itahitaji faili lake la klanguageoverridesrc, ambalo unaweza kulinakili kutoka moja hadi nyingine. Mashine zikiwa na programu ya ulinzi ya Deep Freeze, kila zikiwashwa upya hurudi zilivyokuwa, lugha ikiwemo. Msimamizi auondoe ulinzi kwanza, abadilishe lugha, afungue programu mara moja athibitishe, kisha aurudishe.